Ilovi: Habari za Mji wa Nairobi na Alama Zake



Taarifa ya mwaka ya chama chetu huwa na mambo matatu ambayo kila msomaji ayajua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na majina ya wenzetu waliotutoka. Mwaka huu Kamati imetuagiza sisi wa ukarani tuongeze jambo la nne, yaani habari za mji wa Nairobi tangu ulipokuwa kinamasi hata leo. Sababu ya agizo hilo yajulikana. Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba chama kinunue nyumba mjini iwe mali ya wanachama. Mzee mmoja akasimama akasema kwamba Ilovi ni kambi, na mwenye akili hajengi kambini. Nguvu zake huzipeleka Mwingi. Kijana mmoja aliyezaliwa Pumwani akamjibu kwa heshima kwamba yeye hana kwao kwingine anakokufahamu vema. Mkutano ukaahirishwa bila kuamua. Basi haya hatuyaandiki ili tuamue kwa niaba ya mkutano, bali watakaoinua mikono wajue ni mji gani wanaouzungumza.

Jina la mji lilitoka kwa Wamasai, waliopaita mahali hapo Enkare Nairobi, maana yake maji ya baridi. Sisi Wakamba tukalikata jina hilo kwa ulimi wetu likawa Ilovi. Palikuwa mahali pa tambarare, penye matope na matete, futi karibu 5,500 juu ya bahari; upande mmoja uwanda wa malisho ya Wamasai, upande mwingine misitu na mashamba ya Wakikuyu. Hapakuwa na mji, wala hakuna aliyefikiri kwamba pangefaa kwa mji. Hata mabwana wa afya wa Serikali ya Kiingereza baadaye walilalamika mara nyingi kwamba mahali penyewe ni pabaya, maji hayatoki.

Lakini nchi yenyewe haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikichukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine kutoka bara hata Mombasa. Kila mtoto wa Kitui hana budi kulijua jina la Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkuu, ambaye mwaka 1849 alimkaribisha Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Tarehe 3 Desemba mwaka ule, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji, na jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika. Kwa hiyo jina la Kenya lilitoka kinywani mwa watu wetu nusu karne kabla ya kuwa na mji mkuu wa Kenya. Kivui aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 karibu na mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye katika safari ile. Wasafiri wa upande wetu wa Mwingi wavukao Tana wakumbuke jambo hilo.

Wazee wasimulia pia habari za Syokimau, mwaguzi wa Ukambani, aliyetabiri kwamba litakuja joka refu litapikalo moto, litokalo kwenye maji mengi na kwenda kwenye maji mengi, na pamoja nalo watu wenye ngozi nyekundu wasemao kama ndege, na moto wameubeba mfukoni. Kijana msomi aweza kucheka. Lakini joka lilikuja. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 ulichelewa Tsavo kwa sababu ya simba wawili waliokula wafanyakazi. Katika siku za mwisho za Mei 1899 vyuma vikafika Nairobi, maili 327 kutoka pwani. Wenye reli walihitaji mahali pa wazi pa kuweka karakana na mahema kabla ya kuupanda mlima wa Ukikuyu, na penye maji ya injini. Hiyo ndiyo asili ya mji mkuu wetu: si ngome, wala si ikulu ya mfalme, bali ghala la vyuma.

Twaomba msomaji akae hapa kidogo, maana ndipo jambo lenyewe linapotuhusu. Kabla ya hapo makao makuu ya Waingereza katika bara yalikuwa Machakos, mji uliochukua jina la Masaku. Kampuni ya Kiingereza ilijenga kituo pale mwaka 1889, na John Ainsworth akakisimamia tangu 1892. Kama reli ingalipita Machakos, yamkini mji mkuu wa Kenya ungalikuwa katika nchi ya Wakamba. Haikupita. Wahandisi waliifuata njia iliyo rahisi, wakapita uwandani mwa Athi, na mwaka uleule wa 1899 Ainsworth akafunga vitu vyake akahamia Nairobi. Akajenga juu ya kilima ng'ambo ya mto, mahali paitwapo leo Museum Hill, akaleta na mikaratusi ili ikaushe kinamasi. Machakos ikabaki mji wa wilaya.

Tena tusisahau kwamba miaka ileile ilikuwa miaka ya Ngomanisye, njaa kubwa iliyoenea Ukambani kote. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka, ndui ikafuata. Watu wetu waliiona reli kwa mara ya kwanza wakiwa na njaa, na wengine waliokolewa na mchele wa Bara Hindi ulioletwa na reli hiyohiyo. Ndiyo maana tangu mwanzo neno Ilovi katika masikio ya Mkamba lilikuwa na sauti mbili: mahali palipotupokonya makuu, na mahali apatapo mtu chakula.

Mji wa kwanza ulikuwa wa mabati, mbao na turubai. Mwaka 1900 Serikali ilitoa kanuni za mji na kupima mpaka wake, maili moja na nusu kuzunguka ofisi ya mtawala. Mwaka 1902 ikaingia tauni katika bazaa ya Wahindi, na dawa iliyotolewa ilikuwa kuichoma moto bazaa yote. Mwaka 1904 ikafunguliwa hoteli ya Norfolk, ambayo ingali inasimama. Mwaka 1905 makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Mombasa kuja Nairobi. Miaka sita tu tangu hema la kwanza la reli! Barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue ilifanywa pana namna ile ili gari la kukokotwa na maksai wengi liweze kugeuka pasipo shida. Aendaye pale leo na kusongwa na motokaa asidhani upana ule ulikusudiwa kwa ajili yake.

Sasa tuje mahali walipolala watu weusi, jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita upesi, nasi hatutalipita. Waafrika wa kwanza mjini walijijengea vijiji vyao: Mombasa, Maskini, Kileleshwa, Pangani. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti au madebe yaliyokunjuliwa, lakini zilikuwa na wenyewe. Mtu alijenga, akapangisha, akaoa, akazikwa. Serikali haikupenda. Ilisema Mwafrika mjini ni mtumishi, na kazi ikiisha arudi kwao kwenye hifadhi ya kabila lake. Vijiji vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Mahali pake pakafanywa Pumwani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambapo mtu aliruhusiwa kujenga nyumba kwa ruhusa ya muda, ardhi ikiwa si yake. Pangani ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakapelekwa kwenye nyumba mpya za Baraza la Mji. Mahali hapo wenyewe wakapaita Shauri Moyo, na jina lenyewe lajieleza.

Kwa hiyo mzee wetu aliyesema katika mkutano kwamba Ilovi ni kambi hakukosea habari. Ilikuwa kambi kwa amri. Mtu mweusi hakukatazwa kufanya kazi mjini. Alikatazwa kuwa na mahali. Na ni katika hali hiyo vyama vya namna ya chama chetu vilizaliwa: watu wa lokesheni moja walikutana Jumapili, wakatoa senti, wakaziweka kwa ajili ya mgonjwa, na kwa ajili ya maiti ya ndugu yao irudi nyumbani kwa heshima. Mji haukuwa na kaburi la kwao. Hata leo mwanachama akitazama hesabu za fedha mwishoni mwa kitabu hiki ataona kwamba fungu kubwa kuliko yote ni la gari la maiti la kupitia Thika mpaka Mwingi.

Majina ya mitaa yatosha kuwa kitabu cha historia. Kariokor latokana na Carrier Corps, jeshi la wachukuzi wa mizigo katika vita vya 1914 hata 1918. Waafrika maelfu kwa maelfu walichukuliwa, Wakamba wengi wakiwamo, wakabeba risasi na unga mpaka Tanganyika, na wengi mno hawakurudi, wakafa kwa kuhara na homa zaidi ya kufa kwa risasi. Sanamu tatu za shaba zilizosimama Kenyatta Avenue, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ni ukumbusho wao na wa askari. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Soko la Burma nalo latukumbusha vita vya pili na askari wa K.A.R. waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi lile kupita kadiri ya hesabu ya kabila lao. Kuna nyumba nyingi za Mwingi ambazo bado zina nishani kisandukuni.

Karibu na sanamu hizo ipo Kipande House, jengo la mwaka 1913, siku hizi benki. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 au zaidi alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na maneno ya waajiri wake, akakitia katika kopo la chuma shingoni. Na wengi waliandikishwa katika jengo lile. Ni kwa ajili ya kipande, na kodi, na kupunguzwa kwa mishahara, kwamba Harry Thuku alisimama akasema. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi ule watu wengi wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, na mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawatangulia wanaume kwa ushujaa. Polisi wakapiga risasi. Zaidi ya watu 20 wakafa, Nyanjiru mmoja wao. Mahali penyewe pako kati ya kituo cha polisi cha Central na Chuo Kikuu. Wanafunzi wetu hupita hapo kila siku.

Lakini alama iliyo yetu hasa ni mtaa, si jengo. Upande mmoja wa soko kuu la mji, City Market, yapita Muindi Mbingu Street, na vijana wengi huinunua nyama na maua hapo pasipo kuuliza Muindi alikuwa nani. Mwaka 1938 Serikali iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kuliko nchi inavyoweza kulisha, nayo ardhi inamomonyoka. Kuhusu mmomonyoko haikusema uongo. Ila haikusema kwamba mashamba ya Wazungu ndiyo yaliyoibana nchi, wala haikusema kwamba kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kilihitaji ng'ombe kwa bei ndogo. Ng'ombe wakatwaliwa kwa nguvu wakauzwa mnadani. Ndipo Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association walipokula kiapo cha umoja na watu.

Mwisho wa Julai mwaka ule maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakafunga safari kwenda Nairobi kumwona Gavana uso kwa uso. Hawakubeba silaha. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, akakataa kuwapokea. Nao wakakataa kuondoka. Wakakaa mjini majuma kadhaa, wakapika, wakalala nje katika baridi ya mwezi wa nane, wakingoja. Mji uliokuwa umewaambia watu weusi kwamba hawana mahali ndani yake ukawaona wamekaa. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Tukumbuke, kwa haki, kwamba waliokwenda walikuwa watu wa Machakos, wa Matungulu na Kangundo na Iveti; sisi wa Kitui tusijitwalie sifa ambayo si yetu. Twaweza tu kusema kwamba ng'ombe wetu nao walipumzika kwa ajili yao.

Majengo mengine twayapita upesi. Jamia, msikiti wenye makuba, ulimalizika mwaka 1933. Maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao, wala Mwafrika hakuingia kusoma mpaka mwaka 1958. Leo mtoto yeyote aingia. Kanisa la All Saints lilianza kujengwa mwaka 1917, likamalizika mwaka 1952. Tarehe 30 Machi 1950 mji ulipewa Hati ya Kifalme ukawa jiji. Na mbuga ya wanyama, ya kwanza Afrika Mashariki, ilitengwa mwaka 1946, hata leo msafiri wa gari la moshi aweza kumwona twiga na majumba ya jiji kwa mtazamo mmoja.

Tarehe 24 Aprili 1954 askari walilizingira jiji katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa kwa maelfu wakapelekwa makambini. Kazi zao zikabaki wazi, na nyumba zao pia, na waliozijaza walikuwa watu wa makabila mengine, Wakamba wengi miongoni mwao. Jambo hili halisemwi sana katika mikutano yetu. Wazee kadhaa wa chama hiki walipata kazi yao ya kwanza ya mshahara katika mwaka ule au uliofuata, nao hawakufanya kosa lolote kwa kutafuta kazi. Hata hivyo jirani yetu wa Kikuyu anapokumbuka mwaka ule kwa machungu, yafaa tujue kwa nini.

Uhuru ulikuja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya ilipandishwa katika uwanja ulio kando ya njia ya Lang'ata, uitwao sasa Uhuru Gardens. Mitaa ikabadilishwa majina: Delamere ikawa Kenyatta, Hardinge ikawa Kimathi, Government Road ikawa baadaye Moi Avenue. Katika mtaa huo Tom Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, na sanamu yake yasimama karibu na hapo. Mwaka 1973 likafunguliwa jumba la mikutano la KICC, lenye ghorofa 28 na urefu wa mita 105, lililokuwa refu kuliko yote nchini kwa zaidi ya miaka 20. Mchoro wake ulifanywa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso. Basi mwanachama akisimama chini ya jumba lile na wanawe, awaambie jina la pili kwa sauti kubwa.

Jiji limekua kuliko ilivyodhaniwa. Katika hesabu ya mwaka 1969 lilikuwa na watu 509,286. Katika ile ya 2019, watu 4,397,073. Nafasi haikukua hivyo. Mwezi wa Mei 1990 mabanda ya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi iitwayo Machakos, yalibomolewa na askari wa jiji. Hivyo baada ya miaka 26 ya Uhuru maskini walikuwa wakihamishwa kama wale wa Pangani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliupiga ubalozi wa Marekani katika kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Watu 213 walikufa, wengi wao makarani na wapita njia, watu wa namna yetu. Bustani ya ukumbusho ipo hapo, na majina yao ukutani. Tusomapo majina hayo twaona kwamba kifo hakikuuliza ni nani aliye wa mjini na ni nani mgeni.

Mwaka 2012 ikafunguliwa stesheni mpya ya gari la moshi upande wa mashariki, ikapewa jina la Syokimau; na mwaka 2017 ile reli mpya ya kutoka Mombasa ikaja kuishia papo hapo. Joka la pili limelala kwenye jina la mwaguzi aliyelitabiri la kwanza.

Hatimaye twapenda kuwajulisha wanachama kwamba Kamati imekubali vijana wapelekwe kuziona alama hizi kwa miguu kabla ya mkutano mkuu, na wazee wenye nguvu wanakaribishwa. Safari itaanza Kariokor, ipite Pumwani na Shauri Moyo, ielekee Muindi Mbingu Street, iishie Moi Avenue katika jumba la Nyaraka za Taifa, lililokuwa benki hapo zamani. Humo ndani, pamoja na mengine mengi, zimehifadhiwa taarifa za wakuu wa wilaya ya Kitui tangu siku za Waingereza, na atakaye aweza kuzisoma siku za kazi. Kila mtu achukue kitambulisho chake, maana mlangoni kitaulizwa.